Nyumba ya mama yako na wageni wa usiku mmoja

Mang'ula, Kilombero
Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

Mpunga tumevuna, bei haijatulia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza vizuri, lakini nimeona nikujibu kwa kalamu, maana mabishano ya sauti kwenye simu hayana mwisho. Kijana wa duka atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Unataka tuwatoe wapangaji wawili waliomo katika nyumba ya marehemu mama yako, tupake rangi, tuweke vitanda vipya na neti, wewe upige picha nzuri zenye mlima kwa nyuma, kisha uiweke Airbnb ili wanaokuja kupanda Udzungwa walale hapo kwa dola 35 kwa usiku. Unasema nyumba ni yako kwa urithi, na hilo ni kweli, mimi ni mwangalizi tu. Unasema pia kwamba mjomba amezoea mambo ya zamani. Hilo tutalizungumza ukija Krismasi.

Nianze na hesabu yako, kwa sababu najua unadhani nitaipinga. Nyumba ile leo inaingiza shilingi 150,000 kwa mwezi: nesi analipa 80,000 kwa upande wenye choo cha ndani, mwalimu na mkewe 70,000 kwa upande wa pili. Kwa mwaka ni 1,800,000. Dola 35 zinakaribia shilingi 90,000, kwa hiyo usiku ishirini tu unafikia kodi ya mwaka mzima. Toa makato ya mtandao, toa mfuaji wa mashuka, toa LUKU na sabuni, kubali kwamba wakati wa masika njia ya maporomoko ya Sanje inateleza na wageni wanapungua. Bado utakuwa umetuzidi. Mzee mwingine angekuambia biashara hiyo haitalipa. Mimi nakuambia italipa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mgeni wako atatoa kwa usiku mmoja zaidi ya anachotoa nesi kwa mwezi. Jirani wa kwanza akiona, naye atapaka rangi. Wa tatu hatapaka rangi, atapandisha kodi tu kwa kuwa amesikia. Hakuna mshahara wa zahanati wala wa shule ya msingi unaoweza kusimama mbele ya bei ya namna hiyo.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na wageni. Mang'ula hii imekuzwa na wageni. Nilikuwa mtoto wakati Wachina walipojenga reli ya TAZARA, kazi iliyoanza 1970 na kumalizika 1975, na hapa palikuwa na kambi yao kubwa na karakana. Walikaa kambini kwao, walilima mboga zao, tuliwachungulia wakicheza mpira wa meza. Sikumbuki jirani hata mmoja aliyetolewa chumbani ili Mchina apate pa kulala. Baadaye wakaja watafiti. Kima anayeitwa kwa jina la Sanje waliandika kwamba wamemgundua mwaka 1979, ingawa wawindaji wetu walikuwa wakimjua tangu enzi za mababu (huo ni ugunduzi wa aina yake, na hatukulipwa). Tangu 2006 kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia pale hifadhini, na vijana wa Kitaliano na wa kwetu wamekuwa wakipanga mitaani kwa miezi. Hao wanajifunza jina la balozi wa nyumba kumi, wanajua mama gani anauza maandazi mapema, na msiba ukitokea unawaona nao wamekaa kwenye mkeka, miguu imekufa ganzi. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wageni wako wanaondoka siku ya pili, jembe halijawahi kuwafikia.

Tatizo langu ni ardhi. Itazame Mang'ula ilivyokaa. Upande wa machweo ni mlima, na mlima si wetu tangu 1992 ulipotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kilomita za mraba 1,990. Mwanzoni akina mama waliruhusiwa kuokota kuni kavu humo kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa ile ikakoma, na hata mama yako alihamia kwenye mkaa kwa manung'uniko. Upande wa macheo ni reli, mpunga na miwa, na ukishuka zaidi bondeni unaikuta ardhioevu ya Kilombero, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, ambayo sehemu yake imekuwa Pori la Akiba mwaka 2023. Sisi tumebaki katikati, barabara moja ndefu na nyumba huku na huku, Sanje, Mkula, Mang'ula, Mwaya, hadi Kisawasawa. Dar es Salaam mtu akishindwa kodi ya Sinza anakwenda Goba, akishindwa Goba anakwenda Kibaha, analalamika foleni lakini anafika kazini. Nesi akikosa chumba hapa atakwenda wapi? Ataomba uhamisho, na atapewa, kwa sababu hata anakokwenda wanamhitaji.

Na wanaotafuta vyumba hawapungui. Kiwanda cha sukari kimejengewa upanuzi mkubwa, ule wanaouita K4. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, ambayo wewe uliikimbia ikiwa vumbi na mashimo, imewekwa lami, na lami ikifika hata kiwanja cha nyuma ya choo kinapata dalali. Treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria 2024, mtu wa Dar akawa anafika Morogoro mjini kwa muda mfupi, halafu basi, halafu yuko kwetu Jumamosi mchana na mkoba wake. Reli yangu nayo, TAZARA niliyoitumikia mpaka nikastaafu, imesainiwa mkataba 2025 ili kampuni ya Kichina iifufue na kuiendesha kwa miaka 30. Hao wote watalala mahali. Sisemi wasilale.

Nataka ujue ni nani unayetaka kumtoa. Yule nesi hana saa za kazi. Zahanati ikifungwa, foleni inahamia mlangoni kwake: mtoto amemeza mbegu, mzee amepandwa na presha, binti ameshikwa na uchungu na bodaboda imeharibika. Mama yako alipoanza kuzidiwa ni yeye aliyekuwa akivuka ua kumwangalia usiku, wewe hukuwepo, naye hakutuomba senti. Mwalimu anafundisha hesabu jioni watoto wa darasa la saba chini ya mwembe wenu; wengine wanamlipa, wengine wanamletea mchele, wengine hawaleti kitu. Mkewe ni mweka hazina wa kikoba. Wote wawili wamo katika daftari la michango ya misiba, na duka la pembeni linaishi kwa mikopo yao ya unga na mafuta inayolipwa kila mwisho wa mwezi. Mgeni wako atanunua maji ya chupa. Akiwa mkarimu atanunua na ndizi. Kufa kwa mtaa hakuanzi kwa wageni kuja, kunaanza pale ambapo majirani wanaobisha hodi usiku hawaoni taa ya mtu wanayemjua. Ukinitajia ajira, nitakubali kuna ajira: mfuaji mmoja, mlinzi mmoja, na mtu wa kupeleka ufunguo.

Halafu wewe mwenyewe ni shahidi wangu. Umesahau ulichonisimulia mwaka juzi? Ulikuwa na chumba chako Paje, unakwenda kazini kwa miguu. Kabla ya msimu wa Julai mwenye nyumba akawapa notisi wapangaji wote, akapaka kuta chokaa nyeupe, akatundika bembea ya kamba barazani, na vyumba vikaanza kuuzwa kwa usiku. Wewe na wenzako wa mapokezi na jikoni mkarudi nyuma, wengine Bwejuu, wewe Kitogani, na zamu ya usiku ikiisha unasubiri daladala gizani ili urudi kulala mbali na bahari unayowauzia wengine. Hukusema kwamba mtu yule ni mbaya. Ulisema ni mpole, anasomesha watoto, na dalali alimwonyesha hesabu. Hesabu hiyo hiyo, mpwa wangu, ndiyo uliyoniletea mimi.

Zanzibar hiyo uliyopo ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, kutoka nje tu. Ni fedha nyingi, na siwezi kusema hazikuwafaa watu. Hata wewe zimekulisha, na za simu yangu hii zimetoka huko. Lakini angalia wanawake wa Paje na Jambiani waliolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kamba zao leo ziko kwenye maji hayo hayo wanamoteleza watu wa vishada, na nyuma yao ufukwe umejaa kuta. Angalia Mji Mkongwe. Tuseme ukweli, watalii hawakuuharibu peke yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, zikajazwa watu bila matengenezo, dari zikaanguka. UNESCO ilipouingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, fedha za wageni zilisaidia kuziba mapaa mengi. Ila paa likishazibwa, anayelala chini yake mara nyingi si mtoto wa mtaa ule tena. Ghorofa baada ya ghorofa imekuwa hoteli, na waliokuwa wakikaa na kahawa barazani wamesogea Ng'ambo na zaidi ya Ng'ambo.

Lamu ni hivyo hivyo, pale Shela. Nilifika huko kwa harusi ya mtoto wa rafiki yangu wa reli. Nyumba za mawe zimenunuliwa na Wazungu, zimekarabatiwa kwa ustadi ambao lazima uusifu, plasta safi, milango ya kuchonga, maua kwenye dari. Sehemu kubwa ya mwaka wenyewe hawapo. Mlinzi anamwagilia maua.

Utasema huku ni Mang'ula, si Lamu wala Paje, hakuna Mzungu atakayenunua nyumba ya matofali ya kuchoma kando ya kisima cha pampu ya mkono. Huenda. Lakini mwenye kubadilisha nyumba kwa wageni si lazima awe Mzungu. Safari hii ni wewe.

Ndipo nikaitafuta asili ya hiyo Airbnb yako unayoisifu. Ilianza San Francisco. Mwaka 2007 vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walishindwa kulipa kodi ya fleti yao, wakatandika magodoro ya kupuliza sebuleni na kuwalaza watu waliokuja mkutanoni, wakawapa na chai ya asubuhi. Hapo mimi sina neno. Walikuwemo humo humo, walikodisha nafasi iliyozidi, na mgeni aliongeza kipato cha mtu anayeishi mtaani. Kilichokuja kuleta balaa ni nyumba zisizo na mwenyewe ndani. New York, tangu Septemba 2023, wameanza kuisimamia sheria yao kwa ukali: ukitaka kukodisha kwa chini ya siku 30 ujisajili, uwepo nyumbani wakati mgeni yupo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona wamekwenda mbali zaidi. Meya wao alitangaza 2024 kwamba leseni zote za fleti za watalii, 10,101, hazitahuishwa zikifika Novemba 2028. Hiyo ni miji yenye fedha na wanasheria, na bado walichelewa. Sisi tuna mtendaji wa kijiji na baiskeli yake.

Kuna pia jambo la usalama, ambalo vijana mnalipuuza. Gesti yoyote ya Ifakara, hata ile ya vitanda vinavyolia, ina daftari la wageni: jina, umetoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, na polisi wana haki ya kulifungua. Nyumbani, mgeni akilala, balozi anaarifiwa. Januari 2024 Nairobi wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku, siku chache zikipishana, na Kenya nzima ikashtuka. Maelfu waliandamana, na serikali ikawataka wenye nyumba za namna hiyo wajisajili. Wewe unasema ufunguo utakaa kwenye kisanduku cha namba na mgeni atajifungulia mwenyewe. Kwa hiyo mtu nisiyemjua anaingia saa nne usiku katika ua ambao watoto wa jirani wanacheza, na mimi nitajua kesho kwa kuona kandambili mlangoni? Hapana. Hilo silikubali hata nyumba iwe yako mara saba. Na Sheria ya Utalii ya 2008 inataka malazi ya watalii yawe na leseni. Ukibaini kwamba wenzako wa mtandaoni wanaikwepa, hilo si ruhusa kwako.

Sasa nikuambie ninachotaka mimi. Nyuma ya nyumba ya mama yako kuna lile boma aliloliacha limefika kwenye linta. Vyumba viwili na kibaraza. Limekaa miaka mingi linaota majani, popo wamejipangia bure. Lipaue. Mabati, mbao na mafundi mimi nitasimamia, wewe leta fedha ulizokuwa umezitenga kwa rangi na vitanda, na kinachopungua tutazungumza baada ya mpunga kuuzwa. Tuwe na vyumba viwili vya wageni ambavyo jana havikuwepo, na wala hakuna aliyehamishwa. Mlango utazame uani, si barabarani. Wewe upo Paje, kwa hiyo mwenyeji atakuwa binti wa mkazamjomba wako, aliyemaliza chuo cha hoteli Morogoro na amekaa bila kazi. Atalala pale pale, atapokea mtu kwa macho yake, atamwandika kwenye daftari na kumpeleka asalimiane na balozi. Wageni wengi watapenda hilo kuliko kisanduku chako. Mtu aliyetoka Uholanzi mpaka Mang'ula hakuja kutazama namba za kufuli.

Chakula kisitoke Mikumi. Mchele upo, samaki wa mto Kilombero wapo Ifakara asubuhi, mama wa nyumba ya tatu anapika maharage ya nazi yanayomtoa mtu machozi. Waongozaji wa mlimani wachukuliwe kwa utaratibu wa hifadhi, kwa sababu humo ndani hakuna barabara ya gari, kila kitu ni kwa miguu, na mgeni anayedanganywa na kijana wa mtaani asiye na kibali atatuletea kesi. Leseni na ushuru wa halmashauri nitavifuatilia mimi mwenyewe. Nikiwa na kofia yangu ya TAZARA makarani bado wananipa kiti.

Bei nakuachia. Dola 35 kwa chumba kilichokuwa boma la popo naona ni ujasiri, lakini wewe ndiye unayejua soko.

Jirani zetu wakiiga, waige hivyo: wajenge uani, wakae na wageni wao. Nimeshamdokezea mwenyekiti wa kitongoji, naye anataka jambo hili liletwe kwenye mkutano wa kijiji kabla halijawa kubwa, tukubaliane kwamba nyumba yenye mpangaji wa mwezi haigeuzwi ya usiku bila kijiji kujua. Wengine watapinga, hasa wale wenye nyumba karibu na lango la hifadhi, na mmoja wao ni binamu yako, kwa hiyo jiandae kupigiwa simu.

Ukikubali, nitumie vipimo vya vitanda mapema, fundi anataka kujua upana wa mlango. Ukikataa, nyumba ni yako na utakuja kuzungumza na wapangaji wewe mwenyewe, si kwa simu. Ila ujue jambo moja: mkataba wa nesi ulikuwa unakwisha mwezi huu. Leo asubuhi alikuja na kodi ya miezi sita, nimeipokea, na risiti nimemwandikia kwa jina lako.

Mjomba wako